Gari Likiwa Hai

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Avelina alichota maji mferejini, akawakatia mbuzi majani kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kisha akaenda kulikagua lori. Kazi za maji na majani alizifanya kwa uvivu, kama mtoto yeyote wa darasa la sita. Ya lori aliifanya kwa maringo. Pale Kimboreni, kijiji kilichokaa mlimani juu ya Himo, hakukuwa na msichana mwingine aliyeruhusiwa kufungua boneti, na Avelina alihakikisha kwamba hakuna anayelisahau jambo hilo.

Lori lenyewe halikuwa la kwao. Lilikuwa mali ya chama cha ushirika cha kijiji, nalo lilishusha kahawa Moshi mjini na kurudi na mbolea au unga. Baba yake, Ildefonce, alikuwa dereva tu. Lakini ukimsikia akilizungumzia, ungedhani ni mfalme aliyeletewa punda siku ya kutawazwa.

Kisa chenyewe ni kwamba lori lile halikuwa na klachi. Lilikuja kama zawadi kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, kuukuu lakini zima, na gia zake zilijibadilisha zenyewe. Dereva alikanyaga mafuta na breki, basi. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Ildefonce aliona ametukanwa. Alikuwa ameendesha malori ya klachi tangu kabla ya Uhuru, na aliamini kwamba mguu wa kushoto ndio unaomtofautisha dereva na mchunga ng'ombe. Madereva wenzake pale Himo, njia panda, walilibatiza lori hilo Mguu Mmoja, na kila alipopita walimpungia mguu badala ya mkono. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akamwambia mkewe Anyesi kwamba gari la namna ile hata mbuzi akiwekwa kwenye usukani litakwenda.

Anyesi alimjibu kwamba kama ni hivyo, basi ampe mbuzi lori, yeye aje akate majani. Ildefonce hakusikia. Aliyesikia ni Avelina, ila hakuchukua maneno ya mama, alichukua ya baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba alilidharau lori, na binti akalidharau zaidi, na kila kilichohusiana nalo.

Lori lilikuwa na kasoro moja ya kweli. Mlima ulilichosha. Likipanda na mzigo, oili ya gia boksi ilipata moto kupita kiasi, na gia zikaanza kusitasita. Chama kikamwajiri fundi aitwaye Efraimu, mwenyeji wa Singida, aliyekuwa akitengeneza matrekta katika mashamba ya miwa huko chini. Akahamia chumba cha nyuma cha ghala la kahawa, pamoja na mke wake na mtoto mchanga. Akafunga rejeta ndogo ya pili mbele ya lori, na mabomba ya kuipitisha humo oili ya gia boksi ipoe kabla ya kurudi kazini. Lori likapanda kutoka Himo bila kulalamika.

Ungetegemea watu wampende. Lakini Efraimu naye alikuwa na lake. Aliamini kwamba watu wa mlimani hawajui kitu zaidi ya kahawa na mbege, ile pombe ya ndizi, na imani hiyo hakuificha. Aliongea maneno machache, tena akiangalia pembeni, na bakuli la mtori, supu yao ya ndizi na nyama, alilitazama kama mtu aliyeletewa dawa ya minyoo. Isitoshe, alizungumza juu ya injini kama mnyama. Ikiwaka, kwake ilikuwa hai. Ikizimwa, imekufa. Wanakijiji walimcheka kwa hilo, naye akawadharau kwa kumcheka, ikawa ngoma droo.

Siku ya kulikabidhi lori, Efraimu alisimama mbele ya Ildefonce na Avelina akifuta mikono kwa kitambaa.

"Oili ya gia boksi hii si kama ya injini," alisema. "Ipimeni gari likiwa hai, mahali tambarare. Si vinginevyo."

Akageuka, akaenda zake. Hakungoja kujua kama ameeleweka.

Sasa, kila mtu wa Kilimanjaro anajua Hai ni wapi. Ni upande wa machweo wa mlima, ng'ambo kabisa ya Moshi mjini, na huko chini yake kuna tambarare kubwa ya kulishia ng'ombe. Ildefonce alimtazama binti yake, na binti akamtazama baba.

"Umemsikia?" alisema Ildefonce. "Oili ya Kimboreni haipimiki mpaka ipelekwe Hai."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala. Avelina naye alicheka, ingawa kwa nukta moja aliwaza kwamba huenda fundi alikuwa na maana nyingine. Angeweza kumkimbilia na kumwuliza. Lakini kumwuliza mtu ni kukubali kwamba anajua usichokijua, na Avelina hakuwa tayari kumpa Efraimu heshima hiyo. Badala yake alikwenda shuleni akaigiza sauti yake na mwendo wake wa kuangalia pembeni, na darasa zima likavunjika mbavu.

Basi akaendelea kupima vile alivyozoea kupima oili ya injini, yaani asubuhi, gari limezimwa na limepoa. Gia boksi ilikuwa na kijiti chake cha chuma, chenye alama ya mahali oili inapotakiwa kufika. Alipokichomoa aliona oili nyekundu imepita alama. Akaenda kumwambia baba, aliyekuwa akinywa chai.

"Imezidi? Punguza," alisema Ildefonce bila kuinuka. "Fundi gani asiyejua hata kujaza."

Avelina akaingiza mpira mwembamba, akavuta, oili ikatiririka ndani ya chupa. Ilikuwa nyekundu, safi, yenye kuteleza vidoleni, nzuri mno kumwagwa.

Mwaka ule bidhaa nyingi zilikuwa adimu. Sabuni ilipatikana kwa foleni, na rangi ya kung'arishia sakafu watu walikuwa wameanza kuisahau. Na shuleni kulikuwa na mashindano ya usafi wa madarasa. Avelina alikusanya vipande vya mishumaa vilivyobaki kanisani kigangoni, akaviyeyusha, akachanganya na ile oili, akapaka sakafu ya saruji ya darasa la sita. Ilipokauka wakaisugua kwa matambara. Sakafu ikawaka kama tunda la kahawa lililoiva.

Mwalimu Hilaria, mwalimu wao wa darasa, alimsimamisha Avelina mbele ya shule nzima na kumsifu kuwa ni mtoto anayejitolea na kujitegemea, mfano kwa taifa. Hakuuliza rangi imetoka wapi wakati hata duka la Himo halikuwa nayo. Alikuwa mwanamke mwerevu, lakini sifa ni tamu hata kwa werevu.

Sakafu ile ilitaka kupakwa tena na tena, maana watoto walikanyaga pekupeku. Asubuhi moja Avelina alichomoa kijiti akakuta oili iko sawasawa na alama. Haikuzidi hata kidogo. Alisimama akifikiri habari za zawadi ya ushindi, na jinsi Mwalimu Hilaria atakavyotamka jina lake. Kisha akaingiza mpira, akavuta. Wiki iliyofuata akavuta tena. Hapo hakuna wa kumsingizia. Baba hakumtuma, na wala hakumwambia baba.

Lori lilianza kusitasita, halafu likagoma kabisa. Ildefonce alikuwa akipandisha unga wa kijiji kutoka Moshi. Juu kidogo ya Himo, mahali barabara inapoinuka, injini ilinguruma kwa nguvu zote lakini magurudumu hayakuvutwa. Lori likasimama, likaanza kurudi nyuma, na lisingekuwa jiwe alilolitupa utingo chini ya gurudumu, lingeishia korongoni na unga wote. Wanawake wa Kimboreni ndio waliokwenda kuubeba unga ule kichwani, wakiupandisha mlima mzima. Anyesi alikuwa miongoni mwao, na aliyoyasema njiani kuhusu madereva hayafai kuandikwa katika kitabu cha shule.

Lori tupu lilijikokota mpaka ghalani. Ildefonce alikuwa na jibu tayari. Alisema ni ile rejeta ya pili. Alisema tangu mwanzo aliona haifai, ingawa hakuna aliyekumbuka kumsikia. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba fundi wa miwa ameua lori la kahawa.

Jumapili, baada ya Misa, wanachama walikusanyika mbele ya ghala. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wenseslaus, ambaye wote walimwita Meku, kwa maana ya mzee wao. Halmashauri ya chama ilikuwa imekwisha kuamua. Rejeta ing'olewe, na fundi ahame na familia yake, chumba kipewe mlinzi. Efraimu aliomba jambo moja tu, kwamba alipime lori mbele ya macho yao. Meku akamruhusu.

Efraimu alichomoa kijiti akakiinua. Oili ilikuwa imegusa ncha ya alama.

"Mnaona," alisema Ildefonce. "Oili ipo. Kilichoharibika ni mtambo wake."

"Hapa gari limekufa," alijibu Efraimu. "Liwashe. Liwe hai."

Avelina, aliyekuwa ameketi majanini pamoja na wanafunzi wenzake, alihisi kama amemwagiwa maji ya mferejini. Liwe hai. Si Hai ya tambarare na ng'ombe. Hai tu, neno la kila siku, linalosomwa hata katika kitabu cha darasa la kwanza. Lori liliwashwa, likanguruma. Efraimu alikifuta kijiti, akakiingiza, akakichomoa. Kilikuwa kikavu.

Watu walinong'ona. Efraimu alilala chini ya gari, akapapasa kila kiungo cha mabomba yake, akapapasa na bakuli la oili chini ya gia boksi. Vumbi lilikuwa kavu kila mahali. Hakuna kilichovuja. Alipoinuka, uso wake haukuwa na dharau yoyote. Ulikuwa na hofu.

"Sielewi," alisema. "Niliijaza mwenyewe."

"Oili haina miguu, fundi," alisema Meku. "Hapa kijijini unayeijua ni wewe peke yako. Imekwenda wapi?"

Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya kusikika kwamba oili kama ile mjini inauzika. Mwingine akasema wageni ndivyo walivyo. Mke wa Efraimu alisimama mlangoni mwa chumba chao na mtoto begani, na aliposikia hayo akaingia ndani.

Avelina alitazama nyayo zake. Zilikuwa nyekundu. Nyayo za wanafunzi wote wa darasa la sita zilikuwa nyekundu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuuliza kwa nini. Alizikunja chini ya gauni. Alijua kwamba akinyamaza, mambo yote yatamwendea vizuri. Baba atashinda, darasa litapata zawadi, na Mwalimu ataendelea kumtaja mstarini. Kunyamaza kungemgharimu mtu mwingine tu, mtu ambaye hata mtori hakuupenda. Lakini yule mtu alikuwa anaitwa mwizi kwa sababu yake, na Avelina aliona aibu.

Akasimama. "Shikamoo, Meku."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti, haya ni mambo ya watu wazima."

"Oili iko darasa la sita," alisema Avelina.

Watu walicheka. Walicheka mpaka alipoinua mguu mmoja na kuwaonyesha unyayo, na wenzake aliokaa nao wakaanza kutazama nyayo zao. Kicheko kikafa. Mwalimu Hilaria, aliyekuwa amesimama na viongozi, alianza kuvichunguza viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Ildefonce aliinuka na mkono juu. Meku akamwambia akae.

"Nani alimwambia mtoto apunguze oili?" aliuliza Meku.

Avelina angeweza kujibu, lakini alimtazama baba yake, akangoja. Ildefonce aliutazama mlima, akalitazama lori, akaitazama kofia yake. Hakuna kilichomsaidia.

"Mimi," alisema. "Mara ya kwanza."

"Zilizofuata ni mimi, Meku," alisema Avelina. "Hata ilipokuwa haijazidi. Fundi hakuiba kitu."

"Na kwa nini hukuipima kama alivyokufundisha?"

Avelina aliinamisha kichwa. "Alisema tuipime Hai. Tukaona ni mbali."

Efraimu alimkodolea macho, midomo ikicheza. "Hai," alisema polepole. "Hai ya kupumua, binti. Gari linalowaka." Kisha yeye aliyekuwa hacheki akacheka, na mkutano mzima ukamfuata. Meku peke yake ndiye ambaye hakucheka, naye alingoja mpaka wote waone kwamba hacheki.

Kesho yake Efraimu alifungua bakuli la gia boksi. Oili kidogo iliyobaki ilikuwa nyeusi, yenye harufu ya kuungua, na chujio lilikuwa limejaa uchafu. Ndani ya gia boksi sahani kadhaa zinazoshika gia zilikuwa zimebabuka. Alisema lori lingelazimishwa kupanda mara moja zaidi, lingebaki banda la kuku. Akasafisha, akabadilisha sahani zilizoungua kwa zile za akiba zilizokuja na lori, akakaza mahali palipolegea. Chama kikatafuta oili nyekundu mpya Moshi mjini kwa taabu kubwa. Ildefonce, dereva wa tangu kabla ya Uhuru, aliamriwa na Meku alale chini ya gari amshikie fundi taa na spana. Alilala akinuna. Lakini siku ilipokwisha alikuwa ameanza kuuliza hiki ni nini, na kile kinafanya nini, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie.

Avelina alipewa majivu, mchanga na ndoo. Aliisugua sakafu ya darasa la sita mpaka ikarudia rangi yake ya kijivu, na Mwalimu Hilaria alipiga magoti akasugua pamoja naye, bila hotuba. Zawadi ya usafi ilichukuliwa na darasa la pili, ambalo sakafu yake ilikuwa ya udongo uliofagiwa vizuri. Wenzake walimnunia. Avelina alijua wana haki.

Lori lilipokuwa tayari, Efraimu alimwita Avelina, na safari hii hakuangalia pembeni. Alimweleza kwamba gari likizimwa, oili iliyokuwa ikizunguka kwenye mabomba hurudi bakulini ikatulia, ndiyo maana huonekana nyingi. Likiwashwa, oili huenda kazini kila mahali, na hapo ndipo unapojua iliyopo inatosha au haitoshi. Avelina akauliza kwa nini lazima iwe tambarare. Akajibiwa kwamba kwenye mteremko oili hukimbilia upande mmoja, kama chai katika kikombe kilichoinama. Akauliza tena, na tena, mpaka fundi akacheka.

Kisha Ildefonce akaenda Moshi. Jioni kijiji kizima kilikuwa barabarani kikisikiliza. Lori lilisikika kwanza kule chini, halafu likaonekana kwenye kona, limejaa unga mpaka juu, likipanda polepole bila kusita. Anyesi alisema hatimaye shingo yake itapumzika.

Watu walipomaliza kushusha magunia, Meku alisimama mbele yao na fimbo yake.

"Lori hili halikuharibiwa na rejeta, wala na mlima," alisema. "Liliharibiwa na dharau. Ildefonce alidharau gari kwa sababu halikumchosha. Mtoto akamdharau fundi kwa sababu ni mgeni. Nawe fundi, usijifiche, ulitudharau sisi sote, ukatutupia neno kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Mimi nami nilikuwa tayari kumfukuza mtu na mtoto mchanga bila kupima. Hakuna aliyemwuliza mwenzake swali. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Avelina alikosa, tena sana. Lakini aliyataja maradhi mwenyewe, kabla mwingine hajazikwa kwa ajili yake. Asiyejua aulize. Aliyekosa aseme. Na aseme mapema, maana sahani za akiba zimekwisha."

Asubuhi iliyofuata Avelina alichota maji, akakata majani, akafungua boneti. Pale Himo madereva bado walipunga miguu, na Ildefonce bado alivimba, lakini sasa aliwauliza kama kuna mmoja wao anayejua oili ya gari kama lile hupimwaje, nao wakashusha miguu. Asubuhi hii alikuwa kwenye usukani pale ghalani, akimngoja binti yake.

"Baba, washa."

Injini ikanguruma.

"Liko hai?" aliuliza Ildefonce kutoka dirishani.

"Liko hai," alisema Avelina, akachomoa kijiti.